Santuri ya Nyanya na Skrubu ya Nyota

Kazi ilikuwa rahisi: shilingi 300 kwa kila kitu. Mwenye duka la vitu vya kale pale Malindi alitaka kadi ndogo za maelezo, maneno hamsini kwa Kiingereza na hamsini kwa Kiitaliano. Kiitaliano changu ni cha simu. Naandika Kiingereza, simu inatafsiri, halafu rafiki yangu wa hotelini anasahihisha kwa bei ya soda. Nilikuwa nimeshaandika kadi za masanduku ya Lamu, birika za shaba, mbuzi za kukunia nazi, na mlango mmoja ambao nina hakika ulichongwa mwaka jana. Sikuuliza. Ukiwa unaishi Kilifi kwa vikazi vya kuokoteza mtandaoni, na bando lenyewe ni la kukopa, huulizi mlango umri wake.

Siku hiyo alinionyesha gramafoni mbili juu ya meza. Kila moja ilikuwa na sanduku la mbao, baragumu la shaba lililofunguka kama ua la boga, na picha ya yule mbwa anayesikiliza. Sanduku moja lilikuwa la mraba. La pili lilikuwa na pembe nane.

"Hizi ni pacha," akasema. "Andika 1910. Zote mbili."

"Umejuaje ni 1910?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mamake. "Dada, si uziangalie tu."

Nikaziangalia, nikazipiga picha, nikapanda matatu ya kurudi Kilifi. Kwa kawaida ningemaliza kadi kabla hatujafika Gede. Safari hii vidole vilikwama, na sababu yake ilikuwa moja: sisi pia tunayo gramafoni nyumbani.

Sisi tunaiita santuri. Inakaa juu ya kabati la Nyanya, Shella, Malindi, imefungwa kwa kanga iliyochujuka. Ni sanduku jeusi la kubeba mkononi kama begi la safari. Ukilifunua unakuta kila kitu ndani, bila baragumu. Hadithi yake tumekua nayo. Baba yake Babu alikuwa baharia, akaenda Bombay mwaka 1928, mwaka ule ule Siti binti Saad alipotoka Unguja kwenda huko kurekodi kwa kampuni ya HMV, akarudi na santuri begani. Msimulizi mkuu ni Ami. Kila Idi ikipita, baba yake Babu na Siti husogeleana zaidi. Nikiwa darasa la nne walikuwa mji mmoja. Nikiwa fomu tu walikuwa meli moja. Mwaka juzi alimbebea mzigo.

Na ushahidi tunao, husema Ami: ile sahani ya Siti iliyobaki, yenye ufa kutoka ukingoni hadi karibu na lebo. Siti ni 1928, kwa hiyo santuri ni 1928. Nani atabisha?

Sasa Nyanya haoni vizuri. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali ya binafsi tuliyoulizia ilitaka 35,000 kwa kila jicho. Mchango wa familia kwenye WhatsApp uliganda kwenye 11,500 pamoja na emoji nyingi za mikono ya dua. Ndipo Ami akanipigia.

"Si wewe unafanya kazi na yule mtu wa vitu vya kale? Mwambie tunayo santuri ya Bombay."

Nikamwambia. Mwenye duka akasikia Bombay, akasikia 1928, akasikia Siti, akasema ana mteja Mtaliano mwenye nyumba Watamu. Elfu sitini. "Lakini nataka kadi nzuri," akasema. "Wewe ndiye mwandishi."

Kwa hiyo nilikuwa na kadi tatu za kuandika. Nilikuwa nasomea ualimu chuoni, Historia na Kiswahili, nikaacha mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Kilichonibakia katika Historia ni tabia moja mbaya: nikiona mwaka umeandikwa, nataka kujua umetoka wapi.

Usiku ule sikulala. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mbwa si tarehe. Mbwa yule, Nipper, alichorwa na Francis Barraud, na mwanzoni alikuwa anasikiliza fonografu, mashine ya silinda, ile aliyoibuni Edison mwaka 1877. Gramafoni, ya sahani bapa, ni ya Emile Berliner, miaka kumi baadaye. Mwaka 1899 kampuni ya Gramophone ya London ilikubali kuinunua picha kwa sharti kwamba mchoraji afunike silinda kwa rangi na achore mashine yao juu yake. Yaani hata mbwa mwenyewe alibadilishiwa hadithi. Na huko Uingereza hakuingia kwenye lebo za sahani hadi 1909. Kabla ya hapo nembo yao ilikuwa malaika anayeandika kwa unyoya.

La pili ni baragumu, na hapa ndipo nilipoanza kumwelewa mwenye duka. Mwaka 1906 kampuni ya Victor ya Marekani ilitoa Victrola, ikalificha baragumu ndani ya kabati. Miaka michache baadaye zikaja ndogo za kuweka mezani, sanduku tu lenye mlango au wavu mbele ambako sauti inatokea. Watu walizipenda; baragumu la nje hushika vumbi na kugonga watu vichwa. Kufikia miaka ya 1920 nyumba nyingi zenye uwezo zilikuwa zimelikimbia. Leo mambo yamegeuka: mtu akitaka cha kale anataka baragumu, maana ndilo analoliona kwenye filamu. Kwa hiyo kuna mafundi India ambao kwa miaka mingi wametengeneza gramafoni za baragumu mpya kabisa. Wanachukua mtambo wa santuri kuukuu ya kubeba, wanaujengea sanduku jipya, wanachomeka baragumu jembamba la shaba inayong'aa, wanabandika mbwa. Sanduku la pembe nane ni moja ya dalili zake. Nyingi za zamani za kweli zilikuwa na baragumu la bati lililopakwa rangi, au la mbao kwa wenye pesa.

La tatu ni kichwa cha sauti, kile kiduara kinachoshika sindano. Ndani yake kuna kiwambo. Cha zamani kilikuwa cha ulanga, unaoona nuru kupitia kwake kama ukucha; kuanzia 1925 hivi alumini ikaanza kuingia. Ukiona alumini kwenye mashine ya 1910, mmoja wao anadanganya, kichwa au mashine.

Na la nne, ambalo nililipenda kuliko yote: skrubu. Zile zenye kichwa cha nyota, za kufunguliwa kwa bisibisi ya nyota, hazikuwako 1910. Hati ya kuzilinda kisheria, ya Phillips wa Marekani, ni ya miaka ya 1930. Kabla yake za kawaida zilikuwa za ufa mmoja ulionyooka.

Kesho yake nilirudi dukani nikaomba ruhusa ya "kupata maelezo zaidi". Nikageuza ile ya pembe nane. Chini yake plaiwudi, skrubu nne za nyota, na harufu ya vanishi iliyonikumbusha makochi ya barabarani. Ile ya mraba ilinichelewesha. Mbao zake zilikuwa nzee kweli, zimekula jasho la mikono pembeni. Skrubu za ufa mmoja. Kiwambo cha ulanga. Lakini upande wa mbele kulikuwa na kipande cha mbao cha rangi tofauti kidogo, kimezibwa vizuri sana, ukubwa wa kitabu. Nilipitisha kidole mara mbili kabla sijaelewa. Hapo palikuwa na mdomo. Hii ilikuwa santuri ya mezani isiyo na baragumu, mtu akauziba mdomo wake na kuichomeka baragumu mgongoni ili ifanane na ile ya bandia. Ya kweli ilikuwa imefanywa pacha wa ya uongo.

Nikaandika kadi mbili za haki. Ya kwanza: imetengenezwa India, si ya kale, inapiga vizuri. Ya pili: sanduku la mezani, pengine la miaka ya 1910 au mwanzo wa 1920, baragumu limeongezwa baadaye. Mwenye duka akazisoma akiwa amesimama. Akanilipa 600 zangu, akazitia kadi kwenye droo, akachukua kalamu akaandika 1910 mara mbili kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Pesa nilichukua. Nauli ya kurudi Kilifi haikutaka kujua.

Ilibaki yetu.

Nilimpelekea fundi wa saa, mzee mmoja wa karibu na soko ambaye bado anashika saa za kutia ufunguo. Alifunua sanduku, akapuliza vumbi, akazungusha mkono taratibu na sikio lake karibu. "Kamani nzima," akasema. Ndipo nikaiona. Kwenye kona ya bamba la juu, kati ya skrubu zote za ufa mmoja, moja ilikuwa ya nyota.

Nilihisi tumbo linashuka. Nikamweleza mzee yote niliyosoma, kwa haraka, kama mtu anayeungama. Akacheka hadi akavua miwani.

"Binti, skrubu moja inakwambia siku ya matengenezo. Haikwambii siku ya kuzaliwa. Wewe ukitiwa jino la bandia leo, umezaliwa leo?"

Halafu akaifungua. Mtambo wa kweli, mafuta yamekauka rangi ya asali, kiwambo cha alumini, breki inayojifunga yenyewe sahani ikiisha. Na kwenye kibamba kidogo cha chuma, baada ya kukisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, namba: 102.

HMV 101 ilianza kutengenezwa 1925. Ikauzwa sana, na hiyo ndiyo mtu angeweza kuirudisha begani kutoka Bombay mwaka 1928. 102 iliipokea 1931, ikaendelea kutengenezwa hadi baada ya vita. Nilirudia kuisoma ile namba nikitumaini mbili ni moja iliyopinda.

Ami alikuwa barazani kwa Nyanya nilipofika. Nilimweleza kwa heshima zote. Hata sahani ya Siti nilimweleza, kwamba sahani haithibitishi mashine. Mtu anaweza kununua sahani leo na mashine baada ya miaka thelathini.

"1931 na 1928 ni miaka mitatu," akasema. "Nani atahesabu?"

"Ami, hata hiyo 1931 ni mwanzo wake tu. Inaweza kuwa ya—"

"Chuo chenyewe hukumaliza. Leo unatufundisha tarehe."

Hakusema kwa sauti kubwa. Angepiga kelele ningejua la kujibu. Na alikuwa na haki yake pia: sitini ni macho mawili kasoro elfu kumi. Mimi niliyeandika kwamba mlango wa mwaka jana ni wa karne ya kumi na tisa, leo kwa macho ya bibi yangu ndiyo nimekuwa mkweli? Nilikaa ukumbini na simu, nikaandika kadi ya Bombay. Nilikuwa nayo yote, meli, kaskazi, baharia, sauti ya Siti juu ya maji. Ilikuwa kadi bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Bado ninayo.

Nyanya alikuwa jikoni anachambua mchele. Haoni mchele, anausikia kwa vidole, jiwe analitupa bila kusita. Nilikaa naye kwenye mkeka. Sikuwa nimepanga kumuuliza, nilitaka kumwambia tu kwamba tunataka kuuza.

"Santuri ya baba mkwe wako," nikaanza.

"Ya nani?"

"Ya baba yake Babu. Ya Bombay."

Vidole vikasimama. "Ile niliinunua mimi."

Wakati huo walikuwa wanakaa Kilifi, akasema. Daraja halijajengwa, watu wanavuka kwa feri, na foleni ya magari ni ndefu asubuhi. Yeye bi arusi wa mwaka mmoja, anauza mahamri na mbaazi pale kwenye foleni. Kenyatta alikuwa bado kizuizini. Mzungu mmoja wa mashamba ya mkonge alikuwa anahama, mkewe akawa anauza vitu vya nyumba, vyombo, mapazia, taa. Nyanya alikwenda kwa ajili ya sufuria. Akasikia ile kitu inaimba. Shilingi themanini, akazilipa kwa mafungu manne, na mwanamke yule hakumpa mpaka fungu la mwisho. Sahani ya Siti alinunua baadaye, kuukuu, Mombasa.

"Na Babu?"

"Babu yako alifurahi wiki moja." Akaendelea na mchele. "Halafu vijana wa barazani wakaanza kumwita mume wa mahamri. Wakija kusikiliza muziki wanamuuliza, je, mwenye nyumba yupo? Wana maana mimi. Siku moja nikamsikia anawaambia ilikuwa ya babake, aliileta kutoka Bombay."

"Hukusema kitu?"

"Mwanamume ameshasema mbele ya watu. Ukimsahihisha, utalala wapi?"

Zaidi ya miaka sitini. Babu amekufa, vijana wa barazani wamekufa, na baba mkwe ambaye, kumbe, Bombay hakufika kabisa. Alikuwa baharia wa jahazi za boriti, Lamu na Mombasa, basi. Na Ami, mwanawe wa kumzaa, anaisimulia Bombay kila Idi yeye akiwa anapakua pilau.

Nikamsomea kadi niliyoandika. Alisikiliza hadi mwisho. "Umeandika vizuri," akasema, na najua alikuwa na maana hiyo hiyo. Kisha akasema, "Uza. Macho nayataka. Lakini ukiuza, andika ni yangu."

Kadi ya mwisho ilikuwa na maneno arobaini na tatu. HMV 102, namba ya kibamba, ilinunuliwa kuukuu Kilifi kabla ya Uhuru na muuza mahamri wa kwenye feri, kwa pesa zake, kwa mafungu manne. Mwenye duka aliitafuta Bombay hata nyuma ya karatasi. Elfu ishirini na mbili, akasema, na hiyo ni kwa sababu inapiga. Alikuwa sawa kuhusu bei. Nilishaangalia, santuri hizi zilitengenezwa nyingi mno.

Ami hakuongea nami wiki tatu. Alituma elfu nne kwenye mchango bila emoji. Ikatosha jicho moja, la kulia. La kushoto bado tunasubiri.

Siku walipomfungua bandeji nilikuwa naye. Alitazama mikono yake kwanza, muda mrefu. Halafu mimi, akaniambia nimekonda. Jioni alitaka kuiona santuri. Nilikuwa nimeshaipeleka dukani, nikamwonyesha picha nilizopiga kwa fundi, nikizikuza kwa vidole viwili. Akaisogeza simu karibu na jicho jipya.

"Hii si yake," akasema, akigusa kioo. Alikuwa ameweka kidole juu ya skrubu ya nyota. "Hii aliitia babu yako. Siku moja walimcheka mno, akaja akaichukua akaitupa uani, ikafunguka vipande. Sikusema neno. Usiku nikaamka nikamkuta na taa ya chemni anaokota skrubu mchangani. Moja hakuiona. Asubuhi akaenda mpaka gereji ya Mnarani kuomba nyingine."

Akanirudishia simu. Akaniuliza kama yule Mtaliano anajua kwamba ufunguo hautiwi mpaka ukatae, ukifika thelathini unaacha.